Mlango Ulioshtakiwa kwa Kufungika

Ukivuka milima ya Labda ukateremka bonde la Pengine, utaingia Imetokea, nchi yenye mvua ya kutosha, mapapai matamu na watu wakarimu kupita kiasi. Ramani yake haijakamilika, kwa kuwa wachoraji wake walifika nusu ya mpaka, wakaandika pembeni kwamba mpaka umechoreka, wakaenda kula.

Katika Imetokea hapakuwa na mtu aliyefanya jambo. Mambo yalifanyika. Mtoto aliyemwaga uji hakuumwaga, uji ulimwagika. Mwashi aliyejenga ukuta uliolala upande hakuulaza, ukuta ulipindika. Mume aliyetumwa sukari akarudi mikono mitupu alisema kwa uso wa huzuni kwamba sukari imesahaulika, na mkewe, kwa adabu aliyolelewa nayo, akaipa pole sukari. Kunena wazi wazi "mimi nimeharibu" kulihesabiwa utovu wa heshima, sawa na kupiga mwayo mbele ya mkwe. Wanazuoni wa nchi ile walikuwa wameipasua lugha wakakuta kile kipande kidogo kinachokaa mwishoni mwa vitenzi, kile cha kuvunjika na kumwagika na kuharibika, kipande ambacho kwetu sisi ni cha kusemea tu, wakakifanya mwavuli, na dola nzima ikaingia chini yake ikakaa kavu.

Hata hivyo nchi haiwezi kuishi bila hukumu. Kwa kuwa kila kosa lilitaka mkosaji, na watu hawakufanya lolote, sheria ilivishtaki vitu vyenyewe. Gereza kuu, jina lake Poza, lilijaa ndoo zilizovuja, vipimajoto vilivyovunjika, machela zilizochanika, chupa za dawa zilizothubutu kuisha mbele ya macho ya wagonjwa, na gari moja la wagonjwa lililofungwa mnyororo kwa kosa la kukataa kuwaka. Askari jela walikiri kwamba hawajapata kuona wafungwa wenye nidhamu kama wale.

Nyumba zote za matibabu zilikuwa chini ya Idara ya Afua, na Idara ya Afua ilikuwa chini ya Waziri Tutaangalia, mtu wa kilemba kikubwa, sauti nzuri na bashasha isiyokauka. Raia wakimletea malalamiko aliwajibu kwa jina lake, nao wakarudi makwao wasijue kama wamejibiwa au wametambulishwa. Juu ya Waziri aliketi Sultani Mwanana, mwenye moyo laini, ambaye habari kwake zilikuwa kama halua: alizipenda tamu, na waliomzunguka hawakumletea nyingine.

Mbali na kasri, katika mji wa Kando, aliishi msusi jina lake Nani binti Hoji. Jina hilo alilipata siku aliyozaliwa, bibi yake alipouliza kutoka chumba cha pili, "Nani?" na karani wa vizazi, mtu wa haraka, akaandika alichosikia. Nani alikuwa na vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, na wanawake wa Kando walikuja kwake nusu kwa nywele na nusu kwa maneno. Alikuwa na binti mmoja, Subira, mwenye mimba ya kwanza, mimba iliyokwisha kukomaa.

Kando palikuwa na Nyumba ya Uzazi, nyeupe, paa la buluu, nzuri kuliko msikiti na soko kwa pamoja. Ilifunguliwa kwa ngoma na matarumbeta msimu wa mavuno uliopita, na tangu siku hiyo hakuna aliyeingia ndani. Wajawazito waliendelea kupelekwa Kwingineko kama zamani, ng'ambo ya kilima cha Vumilia. Wengi walirudi na watoto migongoni. Wengine hawakurudi, na mmojawapo alikuwa Zaituni, mdogo wake Nani, aliyezikwa kando ya njia pamoja na kichanga chake. Mjumbe wa Idara alifika msibani, kofia mkononi, akasema, "Poleni sana. Njia imerefuka." Nani alirudi kwenye kazi yake. Alisuka nywele wiki nzima bila kusimulia kitu, na wateja wake wakamwogopa.

Sasa tumbo lilikuwa la Subira, na Nani aliapa kwamba mwanawe hatapanda kile kilima. Akajifunga kanga, akaenda hadi lango la Nyumba ya Uzazi. Mlinzi wake, Mzee Sijui, alikuwa ameegemea fimbo. Wakunga wa nyumba ile waliketi benchini nje, sare zimepigwa pasi, wakifuma vitambaa. Walifika kazini kila asubuhi bila kukosa, ila kazi ilikuwa upande wa pili wa mlango.

"Hodi hapa!"

"Karibu, bibi," akasema Sijui, "lakini usiingie."

"Sasa nakaribia wapi?"

"Hapo ulipo panatosha."

"Mlango huu una nini?"

"Umefungika."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipofunguliwa."

"Nani kaufunga?"

Sijui akacheka hata fimbo ikamponyoka. "Nani si wewe? Unajishtaki mwenyewe mchana kweupe!"

"Na Sijui ni wewe, ndiyo maana kila nikiuliza kitu mji huu napewa jina lako. Nisikilize, mzee. Mwanangu anaitwa Subira, lakini tumbo lake haliitwi hivyo. Nataka mlango huu uwe wazi kabla mwezi haujaandama."

"Basi ushtaki. Ukipatikana na hatia utafungwa."

"Si umefungwa tayari?"

"Umefungika," akasema Sijui kwa upole wa mwalimu. "Kufungwa ni jambo jingine."

Mkunga mmoja akaangua kicheko, akajifanya anakohoa.

Nani hakwenda nyumbani. Alipita barazani, akafungua mashtaka dhidi ya mlango, na papo hapo akaomba kuwa wakili wake. Makadhi wakatazamana. Sheria haikumkataza. Hata mshtakiwa asiye na ulimi alistahiki wakili, ingawa aghalabu wakili wa ndoo alisimama, akasema ndoo haina la kusema, akachukua ada yake. Waziri Tutaangalia aliposikia, alifurahi akajitolea kuwa mwendesha mashtaka, maana hakupata kushindwa na samani. Na kwa kuwa mlango ulikuwa mali ya dola, ilibidi Sultani mwenyewe ahukumu. Mshtakiwa hakuweza kufika barazani. Basi baraza likamwendea.

Siku ya kesi Kando nzima ilihamia uani. Sultani alikaa chini ya mwavuli wake wa zari, askari wake wamejipanga, karani miguuni pake. Subira alikaa kwenye mkeka karibu na mama yake, mkono kiunoni. Tangu alfajiri alikuwa anasikia mvuto, akificha. Sasa alimvuta mama yake upindo wa kanga.

"Mama, maumivu yameanzika."

"Mengi?"

"Yanakuja yanaondoka."

Nani akatazama kilima cha Vumilia, akatazama mlango, akajua kwamba leo hana nafasi ya maneno ya mapambo.

Waziri akasimama, akalitengeneza joho lake. "Maulana Sultani, kivuli cha wanyonge na chemchemi ya insafu! Mlango huu ulipewa kila heshima ambayo ubao waweza kuitamani: rangi ya bahari, bawaba za shaba, kizingiti cha mawe ya kuchongwa. Nao ukalipaje fadhila hizo? Ukafungika, Maulana, mbele ya akina mama wa taifa, bila huruma wala haya. Naomba upewe kifungo."

"Kifungo kingine!" akasema mtu nyuma, na uani pakapita kicheko.

"Mshtakiwa," karani akauliza, "unakiri au unakana?"

Mlango ukanyamaza.

"Andika kwamba ana kiburi," akasema Waziri.

Nani akainama kwa taadhima. "Maulana, mteja wangu ni mzito wa kusema. Naomba ruhusa nimuulize Mheshimiwa Waziri, yeye aliyemjua tangu utoto wake."

"Uliza, bibi," akajibu Waziri akitabasamu. "Moyo wangu umefunguka."

"Afadhali kimefunguka kitu." Watu wakacheka, Sultani naye akaficha mdomo kwa leso. "Mheshimiwa, lile jiwe la marumaru ukutani linasemaje? Macho yangu ni ya kusukia, hayafiki mbali."

Waziri hakuhitaji hata kuligeukia. Alilisoma kwa kichwa, kwa ile sauti nzuri: "Nyumba hii ya Uzazi imefunguliwa na Mheshimiwa Tutaangalia, Waziri wa Afua."

"Kuna neno dogo limenipita. Imefunguliwa…?"

"Na."

"Na nani?"

"Na mimi!"

Wazee wengine waliinamisha nyuso kwa soni, maana neno lile halikuwa limesikika hadharani tangu babu zao. Lakini Waziri alikuwa amekolea, hakuona kitu.

"Hongera," akasema Nani. "Mimi siku ile nilikuwa matangani kwa mdogo wangu, sherehe ilinipita. Hebu nieleze ulivyofanya."

"Ah, ilipendeza mno! Nilikata utepe. Nikatia ufunguo, nikauzungusha hivi, mlango ukaitika, ngoma zikapamba moto. Kisha tukala biriani, na nilipokuwa nikiondoka nikatunukiwa."

"Ukatunukiwa nini?"

"Ufunguo, bibi, juu ya mto wa hariri. Ndiyo desturi. Mgeni rasmi haondoki mikono mitupu."

"Na huo ufunguo haujambo?"

"Haujambo kabisa! Uko sebuleni kwangu, ukutani, umezungushiwa fremu, pamoja na wenzake."

"Ana wenzake?"

"Funguo za nyumba zote za afua nilizozifungua, kutoka bonde la Pengine hadi pwani ya Huenda. Ukuta mzima, bibi. Wageni husifu."

Wakunga waliacha kufuma. Watu wa Kando hawakuwa wajinga. Ila walikuwa wamefundishwa adabu kabla ya kitu kingine chochote, na adabu ile ilizichelewesha akili zao kidogo njiani. Sasa zilifika. Kwanza alicheka mama mmoja mwenye kikapu, kisha jirani yake, kisha uani pote.

Sultani hakucheka. "Waziri, hakuna ufunguo wa pili?"

"Maulana, wa pili ungeshusha hadhi ya wa kwanza."

"Kwa hiyo ufunguo wa nyumba hii…"

Waziri akamwona Sultani, akawaona wakunga, akauona mlango, na kilemba kikawa kizito. "Ufunguo, Maulana… umetundikika."

Ndipo watu walipoangua kicheko cha kushikana mabega. "Umetundikika!" wakaitana. "Umepanda ukutani wenyewe! Umejitia fremu!"

Waziri akapandisha sauti. "Na baada ya sherehe mlango ulivutika! Kama ni lazima mtu atajwe, mji huu wenyewe umetaja, tangu langoni mpaka sokoni: Nani alifunga! Karani, andika: Nani alifunga mlango!"

Karani, mtiifu, akaandika.

"Andika, mwanangu, usiache," akasema Nani. "Andika kwamba Nani amefunga nyumba zote hadi pwani ya Huenda, ambako hajapata kufika hata kwa ndoto. Kisha umuulize mke wa Waziri kama Nani ndiye anayekwenda kuzifuta vumbi zile funguo kila Ijumaa. Na ukishamaliza umuulize…"

Hakumaliza. Subira alipiga ukelele, akashika mkeka kwa mikono miwili.

"Mama! Hayaondoki tena! Mtoto anakuja!"

Nani akageuka, na mzaha wote ukamtoka usoni. Sura ile aliijua. Zaituni alikuwa nayo walipomwinua kumtia kwenye machela. Mkunga mkubwa akapiga magoti mkekani, akamshika Subira tumbo, akainua macho. "Hafiki Kwingineko huyu. Hafiki hata chini ya kilima. Namtaka ndani, kwenye kitanda, kwenye maji na vyombo."

"Ufunguo uletwe!" akasema karani.

"Sebule ya Waziri ni safari ya kutwa nzima," akasema Sijui.

Sultani Mwanana akainuka. Hakuna aliyepata kumwona ameinuka upesi namna ile. Akanyoosha fimbo yake ya ufalme, akanguruma: "Mlango na uvunjike!"

Askari wakapiga saluti. Wakageuka kuuelekea mlango, wakasimama wima, wakangoja. Waziri naye akangoja. Sijui akasogea hatua kando, asije akauzuia. Watu wote wa Kando wakautazama mlango, na mlango ukabaki vile vile, wa buluu, bawaba za shaba, umetulia.

"Amri imesikika," akanong'ona Waziri. "Tuupe muda."

"Maulana!" Nani akapaza sauti. "Mlango huu hauna masikio. Hautavunjika hata ukiamrishwa mpaka kesho. Taja mtu auvunje!"

Sultani akamtazama mkuu wa askari. Mkuu wa askari akatazama viatu vyake. "Maulana, tukiuvunja, itasemwa kwamba tumeuvunja."

"Itasemwa na nani?"

"Itasemeka tu, Maulana."

Subira akalia tena, na safari hii kilio kilikatika katikati. Sultani alimtazama msichana yule mkekani. Tangu arithi kiti, nchi ilikuwa ikitawalika. Yeye mwenyewe hakupata kuitawala hata asubuhi moja. Alitamani kumgeukia mtu, akatafuta wa kumgeukia, na kila aliyemtazama alikuwa anamtazama yeye. Basi akalivua joho la zari, akamtupia karani.

"Nauvunja mimi," akasema. "Andika hivyo hivyo."

Akaushukia mlango kwa bega. Mlango ukatoa mlio, ukamrudisha nyuma. Akaja tena, kilemba kikamwanguka, ukamrudisha tena. Mara Mzee Sijui akatupa fimbo yake chini. "Na mimi!" akasema, akaweka bega kando ya bega la ufalme. "Na mimi," akasema mkuu wa askari, uso umemwiva. Wakasukuma pamoja, bawaba za shaba zikang'oka ukutani, na mlango ukaanguka ndani kwa kishindo na vumbi la msimu mzima.

Wakunga hawakungoja vumbi litue. Walimwinua Subira, wakapita juu ya mbao, wakararua nailoni iliyokuwa bado imevishwa vitanda. Nani akaingia nyuma yao. Sultani akabaki nje kwenye benchi la wakunga, kichwa wazi, anahema, katikati ya wanawake wa Kando, ambao kwa mara ya kwanza walimsogelea wakampa maji kwa kata. Alitaka kusema neno, wakamnyamazisha wasikilize.

Kikalia kitoto, kilio kikali cha mwenye mapafu mazima.

Nani akatokea mlangoni, pale palipokuwa na mlango, kanga imelowa, machozi na kicheko vimechanganyika.

"Amezaliwa?" akauliza Sultani.

"Amezaa Subira, Maulana," akasema Nani. "Mtoto wa kike, na mama yake mzima. Tumtaje aliyefanya kazi."

Vigelegele vikapasua uani, na Sultani akavipokea kwa kichwa chini, kama mwanafunzi aliyesahihishwa akaridhika.

Hukumu ilitolewa jioni ile ile. Mlango uliachiwa huru, nao ukarudishwa bawabani na fundi. Waziri Tutaangalia aliamriwa azitungue funguo zake kwa mkono wake, azipeleke kwa miguu kila mji, na kabla ya kufungua mlango wowote aseme mbele ya watu ni nani aliyeufunga. Katika mji wa kwanza alisema nyumba ilifungika. Wakamrudisha barabarani aingie upya. Katika mji wa pili alisema "tulifunga," wakamuuliza, "Wewe na nani?" Alipofika pwani ya Huenda maneno "nilifunga mimi" yalikuwa yanamtoka bila kukwama, na watu wa huko, waliokuwa wamejiandaa kumzomea, wakampikia pweza. Huko Poza wafungwa wote walitolewa. Gari la wagonjwa lilipokaguliwa halikuwa na kosa lolote isipokuwa njaa: hakuna aliyelitia mafuta tangu lilipoletwa.

Ila bega la Sultani lilivimba. Alistahimili siku chache, kisha akaenda mwenyewe Nyumba ya Afua ya mji mkuu, akapanga foleni nyuma ya mzee mwenye jipu, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa zamu yake ilipofika. Muuguzi, msichana wa miwani, akalibonyeza bega, akatikisa kichwa.

"Maulana, dawa ya kuchua ime…" Akajiuma ulimi, akajikaza. "Sijaagiza. Mimi."

"Kwa nini hukuagiza?"

"Idara haijaniletea fungu la kuagizia."

"Na Idara ni nani?"

Muuguzi akatazama miwani yake aliyokwisha kuivua. Foleni nzima, kwa adabu iliyokuwa bado haijawatoka, ikatazama ukutani. Sultani alingoja jibu, akaendelea kungoja, mpaka taratibu akaona kwamba jibu lilikuwa limekaa kwenye kiti cha wagonjwa, bega limevimba.

"Ni mimi," akasema. "Sikulipeleka fungu. Nitalipeleka leo."

"Basi, Maulana," akasema bibi mmoja mwenye kikohozi nyuma yake, akimgusa lile bega zima, "ukishamaliza kujilaumu sogea kidogo, na wenzako tunaumwa."

Sultani akasogea.